Papa Wenye Askari Wao
Habari za mwamba wa Tubbataha, katika Bahari ya Sulu, nchini Ufilipino

Mtu wa bara akisikia neno "papa" hukumbuka mambo mawili: vipande vya papa mkavu vinavyoletwa sokoni, vyenye harufu isiyofichika, na hadithi za meno makali alizosimuliwa na watu wa pwani. Kumbe siku hizi wako watu wanaosafiri kutoka nchi za mbali, tena kwa gharama kubwa, ili washuke chini ya bahari na kumtazama papa akiogelea. Hawachukui mkuki wala ndoana, wala hawajifungii ndani ya kizimba cha chuma. Hushuka tu, wakakaa kimya, wakatazama, kisha wakarudi juu.

Mtu atauliza: Je, watu hao wana akili timamu? Tena atauliza: Kwa nini serikali iweke askari katikati ya bahari, mbali na kila kijiji, ili kumlinda samaki kama huyo? Habari za mwamba wa Tubbataha zajibu maswali hayo yote mawili. Nazo zaleta swali la tatu, linalotuhusu hata sisi tusioiona bahari: kitu cha wote kinapotunzwa, ni nani hasa anayelipa?

MAHALI PENYEWE

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, kusini-mashariki ya bara la Asia, na watu wake walio wengi ni Wakatoliki. Upande wa magharibi kiko kisiwa kirefu kiitwacho Palawan, na mji wake mkuu ni Puerto Princesa. Ukipanda meli bandarini hapo jioni na kuelekea kusini-mashariki, utafika Tubbataha asubuhi, baada ya safari ya kilometa 150 hivi.

Ukifika usitazamie kuona mji wala minazi mingi. Utaona maji, visiwa viwili vidogo sana vyenye ndege wengi, mnara wa taa, na nyumba ya walinzi. Mali yote iko chini.

Jina Tubbataha limetoka katika lugha ya Wasamal, watu waliozoea kusafiri katika bahari ile. Maana yake ni mwamba mrefu unaoonekana maji yakupwapo. Kwa kweli ni miamba miwili mikubwa, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, pamoja na wa tatu ulio mdogo uitwao Jessie Beazley. Ile mikubwa ni atoli, yaani miamba iliyokaa mfano wa pete. Ndani ya pete maji ni ya kina kidogo, lakini nje ukuta washuka ghafula mpaka gizani.

Wengi hudhani matumbawe ni mawe tu. Sivyo. Hujengwa na vijidudu vidogo vyenye miili laini, ambavyo kila kimoja hujifanyia kijumba kigumu cha chokaa. Vya zamani vikifa, vipya hujenga juu yake, na hivyo ukuta hukua pole pole kwa maelfu ya miaka. Katika Tubbataha zimehesabiwa aina zaidi ya 300 za matumbawe na aina zaidi ya 600 za samaki. Hifadhi yote ina hekta 97,030, na mwaka 1993 Shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia.

JINSI MTU ANAVYOPUMUA CHINI YA MAJI

Tangu kale watu wamepiga mbizi kwa pumzi yao wenyewe, na mtu hodari huweza kukaa chini dakika chache tu. Mwaka 1943, huko Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi, kwa kadiri ya kina alichofikia. Hewa hiyo imeshindiliwa katika mtungi wa chuma unaofungwa mgongoni. Si oksijeni tupu, kama watu wengi wanavyodhani, bali kwa kawaida ni hewa hii hii tunayoivuta sisi. Oksijeni tupu ikivutwa kinani hugeuka kuwa sumu.

Maji ni mazito. Ukishuka meta 10, mgandamizo juu ya mwili wako huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ukifika meta 30, huwa mara nne. Kwa hiyo kila pumzi hutumia hewa mara nne zaidi, na mtungi ambao ungemtosha mtu saa nzima karibu na uso wa maji humalizika kwa muda wa robo yake.

Kushuka kuna hatari, lakini kupanda kuna hatari zaidi. Mzamiaji akizuia pumzi huku akipanda, hewa iliyomo kifuani hutanuka, nayo yaweza kupasua mapafu. Tena gesi ya naitrojeni huingia katika damu wakati yuko chini. Akipanda kwa haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafula, na mtu aweza kupooza au kufa. Kwa sababu hiyo mafundi hufundisha kupanda pole pole, na kungoja dakika tatu hivi penye meta 5 kabla ya kutoka. Hakuna azamiaye peke yake. Huenda wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Basi fahamu kwamba jambo la kwanza la kuogopa huko chini si papa. Ni uzembe wa mtu mwenyewe.

PAPA NI SAMAKI WA NAMNA GANI

Mzamiaji akishuka pembeni mwa ukuta wa Tubbataha, papa wa kwanza atakayemwona yaelekea atakuwa yule mwembamba mwenye ncha nyeupe mgongoni na mkiani. Urefu wake kwa kawaida haufiki meta mbili. Mchana hulala juu ya mchanga au ndani ya mapango, mara nyingi wengi pamoja, na usiku hutoka kuwinda samaki na pweza mianyani. Watu husema papa akisimama hufa. Kwa baadhi ya papa ni kweli kwamba sharti waogelee ili maji yapite matamvuani, lakini huyu aweza kusukuma maji mwenyewe huku amelala.

Mbali kidogo, penye mkondo wa maji, huzunguka papa wa kijivu. Huyu ana mwili mnene na mwendo wa kujiamini. Akiona amesongwa hutoa onyo kabla ya kuuma: hukunja mgongo, huinua pua, hushusha mapezi ya ubavuni, na kuogelea kwa kujipinda pinda kupita kiasi. Mzamiaji aliyefunzwa akiyaona hayo hurudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Papa amesema, naye amesikia. Mara moja moja hupita papa mwenye kichwa cha umbo la nyundo, na hata potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye hula vijidudu na visamaki vidogo kwa kuchuja maji.

Mwili wa papa hauna mfupa hata mmoja. Mna gegedu tupu, kama lile la sikio lako. Meno yake yaking'oka, mengine husogea mbele kushika nafasi. Katika ngozi ya pua ana vishimo vidogo vinavyomwezesha kutambua umeme hafifu unaotoka katika mwili wa kiumbe hai, hata kikijificha mchangani.

Je, hali watu? Yako makundi machache yaliyowahi kuua watu, na mtu asifanye mzaha nayo. Lakini katika dunia nzima, watu wanaouawa na papa kwa mwaka kwa kawaida hawafiki 20. Sasa pindua hesabu. Mwaka 2013 wataalamu walitoa makadirio yao kwamba binadamu huua papa karibu milioni 100 kwa mwaka, wengi wao kwa ajili ya mapezi yanayopikwa supu ya karamu katika nchi za Asia. Wengine hukatwa mapezi wangali hai, kisha hutupwa baharini wafe.

Tena papa hazai kama dagaa. Yule wa ncha nyeupe huchukua mimba karibu mwaka mzima, akazaa watoto mmoja hadi watano. Mpaka mtoto naye azae, miaka mingi imepita. Wakivuliwa bila kadiri, mahali papo hapo huwa patupu kwa muda mrefu. Wahenga walisema: Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kwa hiyo wajuzi wa bahari wakiona papa wengi mwambani hufurahi. Papa hakai penye njaa. Wakiwapo wengi, ni dalili kwamba samaki wanaoliwa nao ni wengi, na matumbawe yanayowalisha samaki hao ni mazima.

WALIOTOA SHAMBA LAO

Sasa tuje kwa watu. Kaskazini-mashariki ya Tubbataha viko visiwa vidogo vya Cagayancillo, wilaya ya mbali ya jimbo la Palawan. Wenyeji ni wavuvi na wakulima wa mwani, nao wana ngome ya mawe ya zamani za Wahispania, iliyojengwa ili watu wapate kujificha maharamia walipotokea baharini. Tangu zama za mababu, bahari ilipotulia, walikuwa wakienda Tubbataha kwa mashua za matanga, wakavua, wakaokota kombe na mayai ya ndege, kisha wakarudi kwao. Mwamba ulikuwa ghala lao. Upepo na umbali vyenyewe ndivyo vilivyoulinda, kwa maana mtu hakuweza kwenda ila majira machache.

Katika miaka ya 1980 mambo yaligeuka. Mashua za injini zilifika kutoka pande nyingine, na baadhi ya wavuvi walikuja na baruti, wengine na sumu ya sianidi. Baruti huua kila kitu kilichoko, mkubwa kwa mdogo; mvuvi huokota wachache wanaoelea na kuacha wengi waliozama. Nyumba za matumbawe hubaki kifusi, na kifusi hakizai samaki. Wazamiaji waliokuwa wakiutembelea mwamba waliona uharibifu, wakapiga kelele pamoja na viongozi wa jimbo la Palawan. Tarehe 11 Agosti 1988, Rais Corazon Aquino alitangaza Tubbataha kuwa hifadhi ya taifa ya bahari. Mwaka 2010 ikatungiwa sheria yake yenyewe.

Ni rahisi kuisoma habari hiyo upesi na kusema, "Vema." Lakini fikiri kidogo. Tangazo halikuwakataza wenye baruti peke yao. Liliwakataza na wale wa Cagayancillo, ambao hawakuwa wameharibu kitu, na ambao mwamba ule umo katika wilaya yao. Mvuvi maskini mwenye watoto aliambiwa: Mahali babu yako alipovua, wewe usivue tena hata samaki mmoja. Huko si kutunza mazingira kwa maneno ya mkutanoni. Huko ni kupunguza chakula cha mezani.

Ilichukua miaka ya mazungumzo. Mwisho watu wa Cagayancillo walikubali, nao wakapewa haki mbili. Kwanza, wana viti katika baraza linaloamua mambo ya hifadhi, na baadhi ya walinzi ni vijana wao. Pili, kila mzamiaji anayeingia Tubbataha hulipa ada, na katika ada hizo wilaya yao hupata sehemu ya kumi kwa ajili ya maendeleo yake. Wakristo tumezoea kutoa fungu la kumi. Hapa ni wageni matajiri wanaolitoa kwa wavuvi, kwa sababu wavuvi walitoa kwanza.

Tena iko faida isiyoandikwa daftarini. Mayai na vitoto vya samaki vya Tubbataha huchukuliwa na mikondo ya Bahari ya Sulu, vikaenda kukua katika miamba mingine inayoruhusiwa kuvuliwa. Shamba lililofungwa limekuwa kitalu cha mashamba mengine.

MAISHA YA WALINZI

Walinzi ni kumi hivi kwa zamu: askari wa jeshi la majini, askari wa pwani, watumishi wa hifadhi, na watu wa Cagayancillo. Hukaa huko miezi miwili au zaidi, bila kuona mke wala watoto, penye fungu la mchanga ambalo mtu huweza kulizunguka kwa muda mfupi. Maji ya kunywa sharti yatunzwe. Wageni huja tu tangu Machi hadi Juni, bahari inapokuwa shwari. Miezi mingine yote ni wao, ndege, mawimbi, na mashua ya doria.

Hata mgeni aliyelipa ana miiko yake. Meli haitupi nanga juu ya matumbawe, bali hufungwa kwenye boya lililowekwa. Mzamiaji havai glavu, maana mwenye glavu hushika kila kitu. Samaki hawalishwi. Hakuna kuokota, hata kombe tupu.

MELI MBILI KATIKA MWAKA MMOJA

Tarehe 17 Januari 2013, usiku, meli ya kijeshi ya Marekani iitwayo USS Guardian ilipanda juu ya mwamba ikakwama. Ramani yake ilikuwa na kosa: iliuonyesha mwamba mahali usipokuwa. Meli haikuweza kuvutwa. Ilibidi ikatwe vipande vipande, kazi iliyoendelea mpaka mwisho wa Machi. Meta za mraba zaidi ya 2,300 za matumbawe zilisagwa.

Kabla ya watu kutulia, tarehe 8 Aprili, mashua ya uvuvi kutoka China nayo ikapanda mwambani. Walipoipekua walikuta maboksi mamia ya nyama iliyogandishwa. Ilikuwa nyama ya kakakuona, tani kumi hivi, ya magendo. Mabaharia 12 walishtakiwa na kufungwa.

Kwa habari ya meli ya Marekani, Askofu Pedro Arigo, aliyekuwa Vikari wa Kitume wa Puerto Princesa, hakunyamaza. Yeye pamoja na wenzake walipeleka madai mbele ya Mahakama Kuu ya nchi, wakisema kwamba mwamba ni mali ya watoto wa Ufilipino na mwenye kuharibu hana budi kujibu. Mwezi wa Septemba 2014 mahakama ilikataa ombi lao, kwa kuwa wale maofisa wa Marekani hawakuweza kushtakiwa huko. Lakini madai yaliendelea baina ya serikali mbili, na mwaka 2015 Marekani ililipa peso milioni 87.

Wengine watasema askofu alishindwa. Lakini nchi nzima ilisikia kwamba mwamba una wenyewe, nao wenyewe wana sauti.

NA PWANI YETU JE?

Ufilipino ni mbali, lakini si mbali kama tunavyodhani. Mwani unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba ulianza kulimwa kwa biashara mwaka 1989, kwa mbegu iliyoletwa kutoka huko huko Ufilipino. Baruti nayo haikuwa ya kwao tu. Kwa miaka mingi pwani ya Tanzania ilisikia milipuko ile ile, na wavuvi wenye nyavu halali waliona riziki yao ikipasuliwa mbele ya macho yao. Mwaka 1995 Tanzania ilifungua hifadhi yake ya kwanza ya bahari katika kisiwa cha Mafia. Huko Mafia potwe hukusanyika karibu na Kilindoni, na wageni huja kuogelea naye. Vijana wa mashua hupata kazi kwa samaki yule yule kila msimu, kwa sababu hakuuawa msimu uliopita. Papa aliyechinjwa huuzwa mara moja.

Hata kijiji kisicho na bahari kina Tubbataha yake. Ni msitu wa chanzo cha maji, ni kijito cha samaki, ni malisho ya wote. Huko nako mtu mmoja akija na moto au sumu aweza kumaliza kwa siku moja kilichowalisha watu miaka mia. Na huko nako, siku kijiji kikikubaliana kupafunga mahali, atakayeumia kwanza ni yule maskini aliyezoea kupata kuni na kitoweo papo. Mkutano utakaomsahau huyo utaandika sheria nzuri, lakini usiku shoka litasikika.

Watu wa Cagayancillo walikatazwa, kisha wakasikilizwa, wakapewa kiti na sehemu yao. Ndiyo maana leo, penye ukuta wa Tubbataha, papa wa ncha nyeupe wamelala mchangani mchana kutwa, na mtoto wa yule mvuvi aliyenyimwa mwamba ni mmoja wa askari wanaoulinda. Basi, wazee na wazazi, mkiitwa mkutanoni kuamua juu ya msitu wenu au kijito chenu, ulizeni mapema: fulani atakula nini, na kiti chake ki wapi?